Dakika Ishirini na Nane

Komanda Maliro alikuwa amekwisha kuchora duara jekundu kwenye ramani kabla Inspekta Kasonia hajapewa kiti. Duara lilizunguka Mabalako na vijiji vyake vyote, upande wa magharibi wa Beni.

"Kesho alfajiri," Komanda alisema. "Kompania mbili. Batatoka na baruti, batarudi na majivu."

Kasonia alikuwa mpelelezi wa polisi huko Butembo, mtu mfupi wa miaka arobaini na kitu, asiyependa kuharakishwa. Alikuwa ameitwa Beni Jumatano ile kwa kazi moja tu: kutia saini kwamba ndege ndogo iliyopotea Jumatatu ilidunguliwa na Mai-Mai, wanamgambo wa Mabalako. Ndani yake walikuwamo watu wawili, rubani Ésaïe na muuguzi Sifa, aliyekuwa akitoka Uganda na makasha ya chanjo ya surua. Ilikuwa Agosti, mwaka wa elfu mbili na moja. Surua ilikuwa ikizika watoto kila wiki, na aliyesema kwamba Mai-Mai wamedungua ndege ya chanjo hakuulizwa mara mbili.

"Saini yangu ni ya kitu nilichokiona, Komanda. Unionyeshe."

Maliro alikuwa mwanajeshi wa zamani, si mjinga wala si mkatili kwa tabia. Alihesabu kwa vidole. Kwanza, Entebbe wenyewe walikuwa wametangaza kwa phonie, ile redio ya masafa inayotumika mji kwa mji, kwamba ndege imeruka saa nne na robo. Pili, mtoa habari wake alisikia ndege na milio ya risasi juu ya Mabalako saa sita kasorobo mchana. Kutoka Entebbe hadi hapo ndege ile ilihitaji saa moja na nusu.

"Uhesabu mwenyewe," Maliro alisema. "Inaingia sawa kabisa."

"Na ya tatu?"

"Ya tatu ni Zacharie. Yeye njo anasimamia ile ndege, iko na phonie yake ku Rughenda, uwanja wa Butembo. Rubani alimusemesha mbele ya kuanguka, akamupa position. Zéro degré vingt-huit, vingt-neuf degrés treize."

Kasonia alisogelea ramani. Mstari wa ikweta ulikatiza kusini kidogo ya Butembo. Kutoka pale kwenda juu kila digrii ya latitudo ilikuwa imegawanywa dakika sitini, nazo si dakika za saa bali za ardhi, kila moja karibu kilomita mbili. Alipanda kwa kidole dakika ishirini na nane, akakutana na mstari wa longitudo, digrii ishirini na tisa na dakika kumi na tatu. Kidole kilisimama katikati ya duara jekundu.

"Zacharie alisema ni saa ngapi alipopata hayo maneno?"

"Mbele kidogo ya saa sita. Vitu vitatu, inspekta, na vyote vinasema Mabalako. Utie saini."

Kelele zilizuka mlangoni. Mlinzi alikuwa akimzuia mwanamke aliyejifunga kitenge cha bluu na mtandio, naye hakuzuilika.

"Mi ni Mwanvua," alisema akiwa tayari ndani. "Sifa ni mudogo wangu, tumbo moja. Siku mbili mi nalala inje ya hii lupango yenu, pa mulango. Mutu hata mumoja hajaniuliza kitu."

"Mama, jeshi iko kazini," Maliro alisema.

"Nauliza mimi," alisema Kasonia. Akamwachia kiti chake. "Pole sana, mama. Mara ya mwisho kusikia sauti yake ni lini?"

"Ile siku ya Jumatatu. Alinipigia ku telefone ya satelite ya jirani yetu Issaka, ule wa magari. Alikuwa angali ku Entebbe."

"Asubuhi?"

"Hapana. Adhuhuri."

Maliro aliinua kichwa. Kasonia hakumtazama.

"Unajuaje kama ilikuwa adhuhuri, mama? Uliangalia saa?"

"Saa ya nini? Aliniambia: 'Yaya, mukubwa wangu, adhana imelia huku, nimeshaswali, sasa banapakia makasha.' Nikamujibu: 'Sisi bado.' Akacheka, akasema batu ya Beni siku zote munachelewa. Tulikuwa tungali tunasema, na muadhini wetu akaanza. Nikamwambia, 'Sikia, na sisi tumefika.' Halafu laini ikakata." Mwanvua alifunga vizuri mtandio. "Alikuwa angali chini, papa. Miguu yake ilikuwa ku udongo."

Maliro alicheka kwa pua. "Mama amechanganya. Entebbe banasali mbele yetu? Mungu ni mumoja."

"Mungu ni mumoja, Komanda, na jua ni moja. Lakini linatokea mashariki." Kasonia aliweka kidole kwenye Entebbe, kisha kwenye Beni. Ramani iliandika digrii thelathini na mbili na nusu kwa ule mji, ishirini na tisa na nusu kwa huu. "Kati yetu kuna digrii tatu. Jua linachukua dakika nne kukata digrii moja. Donc jua likipita utosini pale, linafika kwetu robo saa haijatimia. Adhana ya adhuhuri inafuata jua, haifuati saa ya ukutani. Mama hajachanganya. Amesema vile kunapaswa kuwa, na hakuna mutu anaweza kutunga kitu kama hicho bila ramani."

"Sema mbio. Unataka kusema nini?"

"Saa sita ya mchana wa Beni, Sifa alikuwa Entebbe anaangalia makasha yanapakiwa. Na wewe unasema saa sita kasorobo alikuwa juu ya Mabalako anapigwa risasi."

Maliro aliwasha sigara, akaiacha iungue. Alikuwa mtu wa kujitetea kwa hesabu, akajaribu hesabu.

"Uganda iko mbele yetu saa moja. Kila mutu anayevuka mupaka ya Kasindi anajua. Labda Entebbe balisema saa nne na robo ya kwabo."

"Nilifikiri hivyo kwanza," alikiri Kasonia. "Lakini saa nne na robo ya kwao ni saa tatu na robo yetu. Inazidi kumusogeza nyuma, inamuondoa mbali na adhana. Hiyo njia haifiki." Alitembea hadi dirishani na kurudi. "Haikuwa saa yetu, haikuwa saa yao. Kuna saa ya tatu. Komanda, nani alishika ile phonie ya Entebbe?"

Aliitwa sajenti wa mawasiliano, kijana mkakamavu aliyesimama kama mti.

"Sajenti, urudie vile balisema. Neno kwa neno, hata lile haukuelewa."

"Balisema jina ya ndege, afande. Halafu, décollage dix heures quinze, kuruka saa nne na robo. Halafu Zulu."

"Zulu?"

"Nilifikiri ni jina ya ule alikuwa anasema, afande. Monsieur Zulu."

Kasonia alifumba macho kidogo. Katika shule ya misheni kule Lubero alikuwa amefundishwa jambo hilo, nalo likabaki kichwani bila kazi miaka yote.

"Si mutu," alisema. "Ni saa ya Greenwich, ku Ulaya, pale longitudo inaanzia sifuri. Marubani banatumia hiyo dunia nzima, ili mutu anayekata nchi tano asigeuze saa mara tano. Sisi tuko mbele yake saa mbili. Uganda saa tatu. Saa nne na robo ya Zulu ni saa sita na robo ya hapa." Alimgeukia Mwanvua. "Robo saa kisha wewe kusikia adhana, mama, mudogo wako aliruka."

Mwanvua alijibu polepole. "Basi ile ndege ya Mabalako haikuwa yake."

"Haikuwa," alimjibu Kasonia.

"Ilikuwa ya nani?" Swali hilo Kasonia alimtupia Maliro. "Ndege gani ilishuka Beni Jumatatu mchana?"

Komanda aliitazama sigara yake. "Yetu," alisema mwishowe. "Ilitoka magharibi na mishahara. Ilishuka karibu saa sita. Na pale barrière, kizuizi ya njia ya Mabalako, bale askari bangu bakisikia ndege ya mishahara, banafyatua risasi mu hewa juu ya furaha." Aliizima sigara. "Nitabangojesha mpaka kesho jioni. Lakini uniletee ile ndege, inspekta. Jeshi likipewa mutu wa kulaumu, haliwezi kunyang'anywa bure. Bila ndege, Mabalako itaungua tu."

Alimpa jeep yenye redio na askari wawili.

Njia ya Butembo ilikuwa kavu, vumbi jekundu likiingia hadi kwenye meno. Mwanvua alikuwa ameketi nyuma bila kuomba ruhusa, na Kasonia hakumshusha. Njiani alifikiria jambo moja. Sajenti wa phonie aliweza kutojua Zulu ni nini, na Komanda vilevile. Lakini mtu anayesimamia ndege aliamka nayo na kulala nayo.

Ofisi ya Zacharie ilikuwa chumba cha mbao kando ya uwanja wa ndege wa Rughenda. Nje, vijana watatu walikuwa wakipakia Land Cruiser iliyoelekeza pua kwenye njia ya kusini. Kasonia alipita taratibu: mablanketi, kamba, machela ya turubai.

"Munaenda wapi, bwana?"

"Lubero, chef. Kununua viazi."

"Viazi vya kulala ku machela?"

Walitazamana. Mmoja akaanza kufunga turubai upya ingawa lilikuwa limefungwa.

Zacharie aliwapokea kwa mikono miwili, mtu mnene mwenye shati safi na macho yasiyolala. Alimwambia Mwanvua pole mara nyingi. Phonie ilikuwa mezani, waya wake ukishuka kwenye betri ya gari. Ukutani kulikuwa na saa mbili za duara, zinazofanana, zikitofautiana kwa saa mbili kamili.

"Ya nini saa mbili, Monsieur Zacharie?"

"Moja ya hapa. Ingine ya ndege."

"Ya Zulu."

"Njo ivi."

"Ulisema kwa Komanda kwamba Ésaïe alikuita mbele kidogo ya saa sita. Uliangalia saa gani?"

"Ya hapa." Alijibu upesi, kisha akaona alichokisema.

"Wakati ule, ndege ilikuwa Entebbe, chini, inapakiwa. Iliruka saa sita na robo yetu. Nani alikuita?"

Zacharie alijipangusa shingo. "Labda niliangalia ile ingine."

"Ile ingine ikisema saa sita, hapa ni saa nane. Basi alikuita kuelekea saa nane, ndege ikiwa imeruka karibu saa mbili. Hiyo naikubali. Lakini kwa nini Komanda alipokuambia juu ya risasi za saa sita kasorobo haukumwambia kama haiwezekani? Kila siku unasoma hizi saa. Ulijua ndege ingali Entebbe."

"Komanda hakuniuliza."

"Alikuwa anaenda kuunguza Mabalako."

"Hakuniuliza," Zacharie alirudia, kwa sauti ndogo zaidi.

Kasonia alifungua ramani juu ya meza, akaizuia kona kwa kikombe. "Kutoka Entebbe hadi hapa rubani anafuata ikweta karibu kama mutu anafuata ukuta. Hapana sababu ya kwenda juu Mabalako. Position uliyopewa, nirudilie."

"Zéro vingt-huit. Vingt-neuf treize."

"Nord ao sud? Juu ya ikweta ao chini?"

Nje, vijana waliacha kupakia. Kasonia alishusha kidole kutoka kwenye ikweta, dakika zile zile ishirini na nane, lakini kuelekea chini, akateremka hadi kidole kilipoipita Lubero na kusimama kwenye milima ya baridi karibu na Alimbongo.

"Namba ni moja," alisema. "Pahali ni pawili, na kati yao ni kilomita zaidi ya mia. Nini iko hapa chini, Monsieur Zacharie?"

Zacharie aliketi. Alizungumza akiwa ameelekea mezani. Palikuwa na uwanda wa majani ambapo ng'ombe walilishwa, mrefu wa kutosha ndege ndogo kushuka. Palikuwa na mizigo ya madini ya koltani iliyomngoja Ésaïe, aichukue kabla ya kuja Rughenda, isijulikane na Komanda wala na mtu yeyote. Askari wakienda kutafuta kule wangeukuta uwanja, wangeikuta mizigo.

"Lakini sikudanganya ile position," aliongeza, akiinua macho. "Sauti ilikuwa inakatakata, kulikuwa mvua. Nilisikia namba tu. Nord, sud, hilo neno sikulisikia. Nilikuwa nafikiri. Leo njo nilitaka kutuma hawa vijana baangalie ku sud. Ni kosa ya masikio, inspekta. Mutu hafungwe juu ya masikio."

Mwanvua alikuwa amesimama mlangoni. "Siku mbili," alisema.

Kasonia alijua kwamba hakuwa na kitu. Kuficha koltani kulikuwa kosa, kunyamaza mbele ya Komanda kulikuwa aibu, lakini kati ya aliyesikia vibaya na aliyeacha watu wafe, hakukuwa na shahidi. Mmoja tu alikuwa upande wa pili wa phonie, naye alikuwa chini ya mawingu ya Alimbongo, mzima au mfu.

"Panda mu jeep," alimwambia Zacharie. "Utatuonyesha njia."

Waliondoka na machela na mablanketi yale yale. Kati ya Butembo na Lubero walivuka ikweta bila kibao. Walilala Lubero, parokiani, na asubuhi wakapanda tena, wakiwa wamejifunika hadi masikioni, ukungu ukikaa juu ya mashamba ya viazi. Juu ya Alimbongo, mama mmoja aliyekuwa akichimba viazi aliwaambia kwamba Jumatatu mchana alisikia ndege ikikohoa ndani ya mvua, kisha haikukohoa tena. Akanyoosha jembe kuelekea mgongo wa mlima.

Ndege ilikuwa imelalia ubavu mmoja mwanzoni mwa uwanda, bawa limevunjika, pua imeingia kwenye udongo mweusi. Wachungaji walikuwa wamemzika Ésaïe kando na kuweka msalaba wa fito. Mwenye ng'ombe, mzee mmoja aliyejitanda blanketi, aliwapokea bila kuuliza.

"Mwanamuke iko mu nyumba," alisema. "Muguu umevunjika, lakini anakunywa maziwa. Kuna batu ya ule uwanja balitukataza kutelemuka Lubero. Balituambia ndege hii haiko."

Mwanvua hakungoja asikie mwisho. Alikimbia, akainama kwenye mlango mfupi wa nyumba ya majani, na kutoka ndani zikasikika sauti mbili zikilia na kusemeshana kwa pamoja, hata isijulikane ipi ni ya nani.

Kasonia alingoja mpaka zikatulia. Sifa alikuwa amelazwa juu ya ngozi, mguu umefungwa kwa vijiti na kamba za migomba, uso umekauka kwa homa. Jambo la kwanza aliloonyesha lilikuwa makasha mawili yaliyopangwa ukutani, mahali penye baridi kuliko pote.

"Barafu iliyeyuka," alisema. "Sijui kama zingali nzuri. Muangalie. Musitupe bila kuangalia."

"Tutaangalia, mama."

Askari walileta machela. Mlango ulikuwa mwembamba, wakaanza kubishana namna ya kumpitisha, na Zacharie, aliyekuwa amesimama nje kimya tangu wafike, akaingilia kwa mazoea ya mtu aliyezoea kuamrisha wapakiaji.

"Polepole. Mushike kwanza upande ya kichwa. Ivi. Nimeshika, nimeshika."

Sifa aligeuza kichwa ghafla kuelekea mlangoni, hata akauma midomo kwa maumivu.

"Ule ni nani?"

"Nani, mama?"

"Ule anasema 'nimeshika'."

Kasonia alipiga goti karibu naye. "Ni Zacharie, anasimamia ndege. Unamujua?"

"Sura, hapana. Sauti." Alipumua. "Mi nilikaa mbele, pembeni ya Ésaïe. Alinivalisha casque yake ya pili, ile ya masikio, ju ya makelele. Nilisikia yote. Mutambo ulipoanza kukata, Ésaïe alisoma namba, akasema sud. Akarudilia, sud. Mara ya tatu alilia: sud, Zacharie, sud! Na ule mutu akajibu, sauti safi kama hapa: 'Sud, nimeshika. Mukae pale, natuma batu.'" Alimshika Mwanvua mkono. "Kisha kuanguka, Ésaïe aliishi mpaka jioni. Aliniambia nisiogope, kwa sababu batu banajua pahali tuko. Alikufa akingojea."

Nje ya mlango Zacharie alikuwa ameishika machela kwa upande mmoja, na mikono yake haikujua iiweke chini au iendelee kuishika.

"Sikutaka bafe," alisema. "Nilitaka kwanza kuondoa mizigo. Siku moja tu. Nilifikiri siku moja."

Kasonia alimwamuru askari amvue Zacharie mkanda na viatu vyake vya mjini, ampe gumboot za mchungaji. Kisha akateremka hadi kwenye jeep, akaiwasha redio na kuita Beni. Ilimchukua muda kuipata sauti ya Maliro katikati ya mikwaruzo.

"Umeiona ndege?"

"Nimeiona, Komanda. Sud, na Zacharie alijua. Rubani amekufa, muuguzi ni muzima. Hapana risasi hata moja ku bodi. Uondoe batu bako ku njia ya Mabalako."

Mikwaruzo ilijaa, ikapungua.

"Nimesikia. Batarudi ku kambi. Lakini bataniuliza nani wa kulaumu, inspekta. Na huyo Zacharie wako iko wapi?"

Kasonia alitazama juu ya mlima. Watu wanne walikuwa wakishuka polepole kwenye majani yenye umande, Mwanvua akitembea kando yao akiwa ameshika mkono wa mdogo wake. Wa mbele kushoto, mwenye gumboot za mchungaji, aliteleza, akajizuia, akainua tena mzigo hadi begani.

"Anabeba machela," alisema.